Kati ya Hiari na Lazima

Skolastika mwanangu,

Umetoka kwenda kuaga kwa shangazi yako, na ninavyomjua hatakuachia mpaka ule, kwa hiyo nina muda. Begi lako nimeliona limefungwa. Sitakuandikia habari za nauli, wala za kuangalia mizigo mkifika Mbeya, wala za chandarua. Wewe ni muuguzi, unakwenda kuanza kazi Masasi, habari za chandarua utanifundisha wewe. Nimekaa jikoni karibu na jiko la mkaa, mlango wazi kidogo, baridi ya mwezi wa saba inanishika miguu, na ninaandika kwa sababu jana uliniuliza jambo nikashindwa kukujibu kwa mdomo.

Ulisema, "Baba, staafu. Hamsini na tano umeshaivuka, ruhusa unayo. Unangoja nini? Unangoja ufie kazini kama mama?"

Halafu ukaanza kulia, ukaingia chumbani, mimi nikabaki nimeshika kikombe. Usidhani nilikasirika. Nilinyamaza kwa sababu jibu ni refu na halina njia nyingine ya kupita ila kwa mama yako, na wewe na mimi tangu tumzike hatujazungumza habari zake zaidi ya kusema "mama angependa hiki" au "mama angekataa kile". Leo nijaribu.

Wewe ndiyo kwanza unaingia kwenye kazi ya serikali, kwako kustaafu ni habari ya nchi ya mbali. Utaratibu wenyewe ni mfupi. Ukifika hamsini na tano unaweza kuandika barua utoke kwa hiari. Usipoandika, ukifika sitini wanakutoa kwa lazima. Katikati hapo kuna miaka mitano ambayo hakuna mtu anayekuambia ufanye nini. Mimi na mama yako tulipotelea humo.

Nianze na Kizito, maana ndiye aliyenitia hofu. Unamkumbuka, fundi bomba mwenzangu, yule aliyekuwa akikuita "mchumba" ulipokuwa darasa la pili ukamrushia ganda la ndizi. Kizito alitoka kwa hiari siku zile zile alipofika umri. Siku ya kuaga alitukusanya nje ya stoo ya mabomba akasema, "Nyie ngojeni sitini yenu. Mimi naenda kula jasho langu nikiwa bado na meno."

Kijana mmoja akamjibu, "Kizito, meno yenyewe yamebaki mawili. Utakula au utamumunya?"

"Nitamumunya nyama, wewe endelea kutafuna vumbi."

Tulicheka mpaka mkubwa wetu akatoka ofisini. Mafao yake yalipotoka alinunua mashine ya kusaga akaipeleka Ilemba, kule bondeni, kwa sababu aliambiwa mahindi ni mengi. Kizito alijua bomba, hakujua mashine, na wala hakukaa nayo. Baada ya muda akaiuza kwa mtu aliyekuwa akimwendeshea. Pensheni ya mwezi anaipata, hafi njaa. Lakini alianza kuja kazini. Asubuhi tunamkuta kwenye benchi na koti lake lile lile la kijani. "Leo mnachimba wapi?" Siku moja akapanda gari pamoja nasi hadi mahali bomba lilipopasuka, akashuka mtaroni kabla ya vijana na kumnyang'anya mmoja spana. Hakuna aliyemwambia atoke. Tulisimama juu tunamtazama mtu mzima akifunga nati huku maji yanamwingia kwenye viatu, anacheka peke yake.

Jioni ile nilirudi nyumbani nikamwambia mama yako, "Mwalimu, kutoka mapema ni kujizika." Hivyo ndivyo nilivyosema. Nilikuwa nimeshaamua juu ya jambo ambalo yeye alikuwa hajalitamka.

Alikuja kulitamka Desemba iliyofuata, shule zimefungwa. Alikuwa amefika hamsini na tano. Wewe ulikuwa umelala. Alikuwa anasugua doa la chaki kwenye mfuko wa koti lake. Unajua alivyokuwa akisahau vipande vya chaki mifukoni, tukivifua pamoja na nguo, kila kitu kinatoka na mabaka meupe. Akasema bila kuniangalia, "Baba Skola, nataka kuandika barua ya hiari."

"Utoke ufanye nini?"

"Nikainue ntumba zangu."

Wewe umekulia mjini, ntumba umeziona kwa dirisha la gari tukienda Mwimbi kwa wajomba. Vile vilima vya duara vilivyojaa shamba zima, kama mtu amepindua vyungu. Mvua zikiwa zimekolea, majani yakiwa mabichi, unakata udongo pamoja na majani yake unaugeuza, unayafukia ndani, unayaacha yaoze. Juu yake unapanda maharage. Ulezi haupandwi mwaka huo. Ulezi unasubiri mwaka wa pili, vilima vimekwisha kuiva ndani, ndipo unavitawanya na kumwaga mbegu. Kwa hiyo anayetaka kula ulezi wake lazima awe shambani mwaka mmoja kabla, na awepo Februari na Machi, wakati shule zimefunguliwa.

Mama yako aliinua ntumba na bibi yako tangu akiwa mtoto hadi siku alipokwenda chuo cha ualimu. Baada ya hapo, hata mara moja. Kila mwaka tulilipa vibarua. Yeye alikuwa darasani na watoto sabini anaandika ubaoni, na udongo wa baba yake unageuzwa na watu asiowajua majina.

Nilimjibu vizuri, kwa upole. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi, kwamba nilikuwa mpole. Nilimwambia zamu yake ya kupanda daraja imekaribia. Akitoka sasa, mafao yatakokotolewa kwa mshahara mdogo, na pensheni ya kila mwezi itakuwa ndogo hivyo hivyo mpaka mwisho wa maisha yake. Asubiri apande, akae miaka michache kwenye mshahara mpya, halafu atoke kifua mbele. "Shamba halitakimbia," nikasema.

"Shamba halitakimbia," akasema. "Magoti yangu ndiyo yameshaanza kukimbia."

Nikacheka. Akanikazia macho yake ya darasani. "Wewe, Baba Skola. Simama ujibu. Nikingoja, ni nani atakayeniambia sasa basi?"

Nikasimama kweli, mikono nyuma kama mwanafunzi, nikasema, "Mimi, Mwalimu."

Akacheka naye, akaninyooshea kidole nikae. Yakaishia hapo. Barua hakuiandika.

Daraja lilipanda. Unakumbuka jumuiya ya kanisani ilivyokuja hapa nyumbani, akina mama wakaimba, ukapewa kazi ya kugawa soda ukaficha moja chini ya kitanda kama mtoto mdogo. Niliona fahari, nikaona nimekuwa mume mwenye akili. Mwaka uliofuata akaniuliza tena, mara moja tu, tukiwa tunachambua maharage. Nikamwambia, "Ngoja mshahara utulie kwenye mahesabu." Akaendelea kuchambua. Kila mwaka tuliinuliwa ntumba na vibarua, kwa sababu nilikuwa namwambia za mwaka huu ziwe tayari, huenda mwakani ukatoka ukamwaga ulezi. Na kila mwaka ulipofika, mjomba wako Kasian alipiga simu. "Shemeji, dada anakuja kumwaga mwenyewe?" Nami nikajibu kwa niaba yake, "Mwakani, shemeji. Wewe mwaga." Kasian akamwaga, akavuna, akatuletea debe letu. Mama yako alilipokea kama anavyopokea mgeni.

Alipougua ulikuwa chuoni, na alinikataza nisikuambie mpaka umalize mitihani. Kwa hiyo siku zile za kwanza za hospitali hukuziona, na sijakusimulia. Alikuwa amevimba miguu. Alikuwa anaita majina ya wanafunzi usingizini, kwa mpangilio wa rejesta, na akifika jina fulani anasubiri kidogo, kama mtoto hajaitika. Adhuhuri moja mvua ilipiga bati la wodi kwa nguvu hata wagonjwa wakawa wanaongea kwa sauti. Akafumbua macho akasikiliza.

"Huko Mwimbi sasa hivi wanatifua," akasema.

Nikamshika mkono. "Ukipona tutakwenda. Safari hii hakuna kungoja. Ukipona tu."

Akanitazama, mwanangu, na akatabasamu. Hakuwa na hasira hata kidogo. "Unaona," akasema, "umeshaanza tena."

Baada ya hapo alizungumza mambo mengine, ya blanketi, ya jirani tuliyemwazima ndoo. Wewe ulifika siku mbili za mwisho, hayo unayajua.

Tulimzika kwao. Wewe ulikuwa umeshikwa na shangazi zako, sijui uliona nini. Mimi niliona kwamba njia ya kwenda makaburini inakata shamba lake, na kwamba ntumba za mwaka ule zilikuwa zimeinuliwa vizuri kuliko miaka yote. Waliobeba jeneza walilazimika kupita katikati yake kwa kupindapinda, na kiongozi wao akawa anasema, "Taratibu, msikanyage." Watu waliogopa kukanyaga maharage. Nikapindapinda nyuma yao.

Halafu nikawa msimamizi wa mirathi. Nilikwenda mahakamani, nilikwenda ofisini, nikarudi, nikaenda tena. Walinihudumia kwa heshima, siwezi kumlaumu mtu. Na fedha zilipotoka, mwanangu, zilikuwa zimekokotolewa kwa daraja jipya. Kila nilichomwambia mama yako kilikuwa kweli. Subira ilikuwa imeongeza kile nilichosema itaongeza. Hesabu yangu ilikuwa sahihi. Kama ningekuwa nimekosea ningepata mahali pa kujishika, ningesema nilidanganywa, nilikuwa mjinga, sikusoma. Sikukosea. Nilipata kila nilichokihesabu na yeye hayupo.

Kwa fedha hizo ulilipiwa ada yako ya mwisho. Nilikuwa sijakuambia waziwazi, lakini wewe si mtoto, nadhani ulijua. Nakuomba usiibebe kama mzigo. Usije ukakaa kule Masasi usiku wa zamu ukafikiri mama alingoja ili wewe usome. Hakungoja kwa ajili yako. Alingoja kwa sababu mimi nilimwambia angoje. Wewe ulikuta tu fedha zimewekwa mezani, na mtoto akikuta chakula mezani anakula.

Mwaka huu mama yako angetimiza sitini. Shuleni kwao waliwaaga wastaafu mwezi uliopita, wale wa rika lake, wakanialika. Sikukuambia kwa kuwa ungenikataza kwenda. Walinikalisha mbele, wakanipa soda. Wastaafu walivishwa vitenge na kupewa magodoro, watoto wakaimba. Mwalimu mkuu akataja jina la mama yako, watu wakasimama. Halafu mwalimu mmoja, yule rafiki yake mnene mwenye kicheko, akaja kukaa jirani nami, godoro lake limeegemea ukuta. Nikamuuliza, "Sasa dada, utafanya nini?"

Akasema, "Shemeji, sijui hata kidogo. Nimeamka leo nimevaa nguo za shule. Mume wangu akaniuliza unakwenda wapi, nikasema nakwenda kuagwa, akasema basi vaa hizo hizo." Akacheka kile kicheko chake. Halafu akasema taratibu, "Yeye ndiye aliyekuwa anajua atafanya nini. Katika sisi wote. Alikuwa akituchosha na shamba lake."

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Hayo maneno yamenikaa. Kwa miaka yote mitatu nilimweleza mama yako kutoka mapema kunagharimu nini. Hata siku moja sikumuuliza alitaka nini hasa kwenye ule udongo. Labda ni bibi yako aliyekuwa anamtafuta. Labda alitaka tu asimamie jambo moja tangu mwanzo hadi mwisho, yeye aliyekuwa akipokea watoto wa wenzake na kuwapeleka kwa mwalimu mwingine kila Januari. Labda alitaka kuchafuka. Nakisia. Niliishi naye umri mzima na ninakisia.

Kama kuna kitu cha kukupa, ni hicho, na ni kidogo. Siku mtu wako atakapokuambia anataka jambo fulani, muulize kwanza analitakia nini. Usianze na gharama. Ukianza na gharama utashinda, kwa sababu gharama haina ubishi, na utaona umemsaidia. Na likizo zako uchukue zote. Mama yako alikuwa na likizo alizozisamehe kwa ajili ya darasa la saba. Hakuna aliyezirudisha.

Sitaki nikudanganye kwamba angetoka mapema angekuwa hai. Ugonjwa ule ungemfuata hata shambani. Angekufa na miaka ile ile hamsini na nane. Ila angekuwa na misimu mitatu ya mvua, na mimi ningekuwa na mtu wa kumkumbuka akiwa na tope hadi magotini ananikaripia kwamba nakata majani vibaya. Badala yake nina mtu anachambua maharage kimya.

Watu wa jumuiya wananiambia nimwachie Mungu. Naenda kanisani, nakaa, natoka. Wanasema wakati utaponya. Mimi ni mtu niliyeamini wakati kuliko wote, niliuweka akiba kama wengine wanavyoweka mahindi ghalani, na sasa nikisikia neno hilo natamani kutoka nje.

Sasa jibu lako. Una haki kwa kila ulichosema. Nina hamsini na saba, barua ningeweza kuipeleka wiki ijayo, na miezi michache baadaye ningekuwa kwako Masasi, nachota maji, nakupikia ukitoka zamu. Nimejaribu kuliwaza. Nimekaa na kalamu mara mbili. Mkono haukuandika.

Sababu si mafao. Naapa kwa kaburi la mama yako, sijui hata sasa nikitoka mapema nitapata kiasi gani na nikingoja nitapata kiasi gani. Mimi niliyejua za mwenzangu mpaka senti ya mwisho, zangu sijauliza. Sababu ni kwamba anayetoka kwa hiari anatoka kwenda mahali. Hata Kizito alikuwa na mashine yake. Mama yako alikuwa na shamba. Mimi mpango wangu wote ulikuwa yeye, nilikuwa nimejipangia kwamba atakapotoka nami nitamfuata. Sikuwa na wazo lingine na sijalipata. Na kuja kwako siwezi, mwanangu. Una miaka ishirini na minne. Ukinipokea utaanza kungoja kwa ajili yangu: ngoja baba azoee, ngoja baba apate nafuu, ngoja kwanza nisiolewe baba atabaki na nani. Najua jinsi kungoja kunavyoingia nyumbani. Kunaingia kwa upole.

Kwa hiyo nitakaa mpaka sitini, wanitoe wao. Najua ni kosa lile lile, na safari hii nalifanya nikiliona. Siamini tena kwamba naweza kuchagua siku. Niliwahi kumchagulia mtu mwingine. Hii yangu naiachia serikali.

Usinipigie simu kuniuliza kama nimebadili mawazo. Nipigie uniambie ulichokula, mgonjwa aliyekuchekesha, na kama bahari inaonekana kutoka huko au ni mbali. Mambo ya barua tuyaache humu.

Kesho nitakusindikiza stendi alfajiri. Nitabeba begi kubwa, usibishane nami mbele ya watu. Basi likiondoka utaniona kwa dirisha nimesimama, na utataka nirudi nyumbani nikapumzike, maana nimekwisha kuomba ruhusa ya siku nzima na wamenipa. Sitarudi. Nitashuka moja kwa moja hadi stoo ya mabomba, nikae kwenye benchi mpaka wenye funguo waje.

Ni mimi, baba yako, ambaye hajui kwingine pa kwenda asubuhi.